Shamba, Mahakama na Kalamu: Mirathi ya Edward Long wa Jamaika

*Mhadhara kwa umma uliotolewa Unguja mbele ya wanasheria, walimu, wanafunzi na wananchi*

  

 Nilipoombwa nizungumze juu ya sheria na urithi wa ukoloni, huenda wengi mlitarajia nianze na Zanzibar, Mombasa au Tanga. Kwetu nitafika. Lakini naomba tupitie kwanza Jamaika, katika bahari ya Karibi, tukamtazame mtu mmoja aitwaye Edward Long, aliyezaliwa 1734 na kufariki 1813. Alikuwa na shamba la miwa. Alikuwa jaji. Alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria. Kisha akaandika historia ya kisiwa kile, na kwa muda mrefu watu waliotaka kuijua Jamaika walianzia kwake. Wenye mashamba wa kikoloni tunawajua, na majaji wa kikoloni tunawajua. Mtu aliyemiliki watu, akashiriki kutunga sheria za kuwashika, akakalia kiti cha hukumu, halafu akawaeleza walimwengu kwamba yote hayo ndiyo maumbile yenyewe, huyo anastahili tumpe jioni nzima.

Lengo langu ni kuonyesha alichokiacha na nani walikirithi. Hapa Pwani kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi anaujua utaratibu. Hutolewa gharama za mazishi, hulipwa madeni, hutekelezwa wasia, ndipo warithi wanapopewa mafungu yao. Mdai hutangulia mrithi. Dai langu jioni hii ni kwamba mirathi ya Long, na ya tabaka lake zima, iligawanywa bila wadai kuitwa kikaoni, na kwamba sheria ndiyo iliyowafungia mlango. Nitalitetea dai hilo kwa hoja tano.

Hoja ya kwanza: Kiti cha hukumu na shamba vilitoka mkono mmoja

Waingereza waliiteka Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655. Miongoni mwa waliofika na jeshi hilo alikuwamo kijana Samuel Long, baba wa babu yake Edward. Samuel alipata ardhi katika wilaya ya Clarendon, akawa Spika wa Baraza la kisiwa, akawa pia Jaji Mkuu. Serikali ya London ilipotaka kuwapangia walowezi sheria zao, alikuwa mstari wa mbele kukataa. Alitetea haki ya watu huru kujitungia sheria, na huku anamiliki watu wasio na haki hata ya kuwa na jina la ukoo. Uhuru aliousimamia ulikuwa pamoja na uhuru wa kuwafanyia wengine apendavyo, bila kuulizwa na mtu wa nje.

Edward alizaliwa Uingereza, akasomea sheria London katika chuo cha mawakili cha Gray's Inn. Baba yake alipofariki mwaka 1757 alisafiri kwenda Jamaika kushika mali. Naibu Gavana wa wakati huo, Henry Moore, alikuwa mume wa dada yake. Shemeji akamfanya katibu wake, na muda si mrefu kijana akawa jaji wa mahakama ya mambo ya bahari. Mwaka 1758 alimwoa Mary Ballard Beckford, binti mrithi kutoka ukoo wa Beckford, uliokuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa sukari. Mwaka 1761 akaingia Baraza la kutunga sheria, na 1768 akawa Spika kwa muda mfupi.

Wanafunzi wa sheria, iangalieni vizuri mahakama hiyo ya bahari. Jaji aliamua peke yake, bila baraza la wazee. Kazi yake kubwa wakati wa vita ilikuwa kuamua meli iliyokamatwa na shehena yake ni mali ya nani. Ulikuwa wakati wa Vita vya Miaka Saba, kati ya 1756 na 1763, na meli za adui zililetwa bandarini kwa wingi. Mwafrika aliyekutwa ndani ya meli ya namna hiyo alihesabiwa katika shehena. Swali lililoulizwa lilikuwa moja tu: huyu ni wa nani?

Shamba lake liliitwa Lucky Valley, huko Clarendon, na watumwa wake walikuwa karibu 300. Muwa ukishakatwa hausubiri. Usipokamuliwa upesi juisi yake huchacha. Kwa hiyo wakati wa mavuno kinu kilisaga usiku na mchana, na watu walisimama kwa zamu mbele ya masufuria ya kuchemshia sukari wakiwa hoi kwa usingizi. Vidole na mikono ilinaswa kwenye magurudumu ya kinu. Katika mashamba ya sukari ya Jamaika waliokufa walizidi waliozaliwa, na pengo lilizibwa kwa kununua wengine. Katika miaka yote ya biashara hiyo Waafrika wapatao milioni moja walipelekwa Jamaika. Mwaka 1769 Long alirudi Uingereza na hakurejea tena kisiwani. Kwa zaidi ya miaka 40 aliishi kwa jasho la watu ambao hakuwatia machoni tena.

Mtaniuliza kama alikuwa jaji mla rushwa. Hilo silo shtaka langu. Mtumwa aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na mahakimu wawili na wenye mali watatu, watu wa tabaka moja na mlalamikaji. Ushahidi wake dhidi ya Mzungu haukupokelewa. Hata jaji mwenye moyo safi, akikaa katika mahakama iliyopangwa hivyo, asingeweza kumsikia aliyedhulumiwa, maana aliyedhulumiwa hakuruhusiwa kusema.

Hoja ya pili: Sheria ilifuata hofu na hesabu za mwenye mali

Aprili 1760, siku za Pasaka, watumwa wa wilaya ya St Mary walinyanyuka wakiongozwa na Tacky, mtu wa Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana. Waliiteka ngome ya Port Maria usiku, wakachukua bunduki na baruti. Vita vilienea hadi magharibi ya kisiwa na kuendelea mpaka mwaka uliofuata. Wazungu wapatao 60 waliuawa. Waafrika waliouawa vitani, walionyongwa, waliochomwa moto na waliojiua walikuwa mamia, na mamia wengine walihamishiwa makoloni ya mbali.

Long alikuwa kisiwani, na baadaye aliandika habari za vita hivyo kwa urefu. Aliona kwamba waganga waliwalisha wapiganaji kiapo na kuwapa dawa za kuwakinga na risasi. Kabla mwaka 1760 haujaisha, Baraza lilitunga sheria ya kuharamisha uganga huo, unaoitwa obeah, na mwenye kupatikana na hatia aliweza kuuawa. Hofu ya mwenye shamba ikawa kosa la jinai. Tena hofu hiyo haikufa na yeye: Jamaika ina Sheria ya Obeah ya mwaka 1898, na adhabu ya viboko iliyokuwamo ndani yake ilifutwa mwaka 2013 tu. Kwetu nako Waingereza walitunga sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928. Sidai kwamba zilinakiliwa kutoka Jamaika. Nasema wanaosoma historia ya sheria hizo waanze kusoma mbali zaidi ya tarehe zake.

Mwaka 1761 ulileta sheria nyingine, na hii inahusu mirathi moja kwa moja. Wazungu wengi wa Jamaika walizaa na wanawake wa Kiafrika, na baadhi yao waliwausia watoto hao ardhi na mali. Baraza likaona mali inaanza kuvuka mstari wa rangi. Likatunga sheria ya kumkataza Mzungu kumwachia mtu mweusi au chotara mali ya zaidi ya pauni 2,000. Fikirini, ndugu zangu, juu ya jambo hilo. Wale waliodai kwamba mali ya mtu ni takatifu waliona ni halali kuvunja wasia wa mwenye mali, ilimradi mrithi ni mtoto wake mweusi.

Hapa sina budi kuleta ulinganisho na kwetu. Pwani, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na alirithi pamoja na nduguze. Hilo halikuufanya utumwa wa kwetu kuwa wema. Mama wa mtoto huyo hakuulizwa kama anataka, na waliolima mikarafuu ya Unguja na Pemba walichapwa na kuuzwa kama wengine. Linaonyesha kitu kimoja: kizuizi cha Jamaika hakikuwa cha lazima wala cha maumbile. Watu walikaa barazani, wakakitunga, wakakipigia kura.

Hoja ya tatu: Kalamu ilishika pale mahakama ilipolegea

Mwaka 1772, London, Jaji Mkuu Mansfield aliamua kesi ya James Somerset, Mwafrika aliyefungwa minyororo ndani ya meli ili apelekwe kuuzwa Jamaika. Mansfield alisema sheria ya Uingereza haimruhusu bwana kumtoa mtu nchini kwa nguvu namna hiyo. Uamuzi wenyewe ulikuwa na mipaka, lakini wenye mashamba walitetemeka. Long aliujibu kwa kijitabu mwaka uleule. Miaka miwili baadaye, 1774, ilitoka kazi yake kubwa, *The History of Jamaica*, juzuu tatu, bila jina la mwandishi.

Ndani yake mna mengi yenye manufaa kwa mtafiti: mito, barabara, kodi, mazao, magonjwa. Katikati ya maarifa hayo ameweka mafundisho kwamba Mwafrika ni wa jinsi nyingine ya viumbe, aliye karibu na nyani kuliko Mzungu. Long hakuwahi kukanyaga Afrika. Alitegemea maneno ya wasafiri na wafanyabiashara ya watumwa. Mahakama ilikuwa imeanza kuuliza kwa haki gani mtu anammiliki mtu. Sheria haikuwa tena na jibu la kutosha, na Long akalitafuta jibu katika elimu ya viumbe. Msifikiri ubaguzi ulikuwa ujinga tu, utakaoondoka kwa kusoma. Huyu alisoma sana. Alikuwa na mali ya kulinda.

Kisiwani kwake kulikuwa na mtu ambaye kuwapo kwake kuliyakanusha mafundisho hayo. Naye ni Francis Williams, mwana wa John Williams, Mwafrika aliyepata uhuru wake na kutajirika. Francis alikwenda Uingereza, na mwaka 1721 akaandikishwa Lincoln's Inn kusomea sheria, miaka 13 kabla Edward Long hajazaliwa. Aliporudi alifungua shule Spanish Town na kutunga mashairi kwa Kilatini. Mwaka 1730 Baraza la Jamaika lilipojaribu kumnyang'anya haki alizorithi kwa baba yake, alipeleka malalamiko London, na sheria hiyo ikakataliwa. Alifariki 1762.

Long alimwandikia sura nzima ili kumdunisha. Alisimulia kwamba Williams alisomeshwa na Mwingereza mkubwa aliyetaka kujaribu kama mtu mweusi anaweza kujifunza, wala hakusema kwamba familia ya Williams ilikuwa na uwezo wa kumsomesha yenyewe. Alichapa shairi lake moja la Kilatini, akalifasiri, akalisahihisha mstari kwa mstari kama mwalimu aliyekwisha kuamua kumfelisha mwanafunzi.

Lakini ipo picha ya Williams, iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, tangu 1928, na ilitoka mikononi mwa mzao wa ukoo wa Long. Inamwonyesha amesimama katika chumba chake cha kusomea, vitabu vimemzunguka. Watu wengi waliichukulia kuwa kejeli kwa sababu mwili wake umechorwa mdogo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 ulibaini kwamba kitabu kilichofunuliwa mbele yake ni *Principia* cha Isaac Newton, ukurasa wa hesabu za nyota-mkia, na kwamba dirishani inaonekana nyota-mkia ya Halley, iliyorudi mwaka 1759 kama wataalamu walivyobashiri. Williams anajionyesha kuwa mmoja wa walioweza kuihakiki hesabu hiyo. Ushahidi wake ulikaa kwenye nyumba za warithi wa aliyemdharau, ukingoja kusomwa.

Haki inataka niongeze jambo. Williams naye alimiliki watumwa. Elimu na rangi havikumwondoa katika mfumo ule. Tumheshimu kwa akili yake, wala tusiwasahau waliomtumikia.

Hoja ya nne: Siku ya malipo, mdai hakuitwa

Krismasi ya mwaka 1831 Samuel Sharpe, mtumwa na mhubiri wa Kibatisti, aliongoza mgomo uliogeuka vita. Alinyongwa Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mengi. Watu wapatao 800,000 walihusika. Sheria hiyo ilitenga pauni milioni 20 za fidia, sawa na takriban asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, na fedha hizo zote wakapewa wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti. Walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao bila ujira, kwa jina la uanagenzi, mpaka Agosti 1838. Mikopo iliyochukuliwa kugharamia fidia ilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba mjukuu wa Mjamaika aliyehamia Uingereza akafanya kazi na kulipa kodi huko, alichangia kumfidia aliyemmiliki babu yake.

Wenzangu wa sheria, hesabu hiyo imepinduka. Anayedaiwa amelipwa na anayedai. Wala waliofanya hivyo hawakuvunja sheria yoyote; waliifuata. Kama mtu ni mali, basi kumwacha huru ni kumharibia mwenyewe mali yake. Msingi uleule uliotumika katika mahakama ya bahari ya Long ndio uliotumika Bungeni.

Sasa nafika nyumbani, kama nilivyoahidi. Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya ulinzi wa Waingereza, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Fidia ilitolewa kwa mabwana. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mahakamani kuomba, aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujikimu, asije akahesabiwa mzururaji. Katika mahakama hizo waliketi mawali, yaani wawakilishi wa Sultani, na mawali walitoka katika tabaka la wenye mashamba. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Mwanamke wa Pemba aliyelima karafuu maisha yake yote aliingia barazani kuomba kitu ambacho kilikuwa chake, mbele ya mtu ambaye huenda jirani yake wa shamba ndiye bwana wa mwanamke huyo. Bahari mbili tofauti, dini tofauti, karne tofauti. Mdai bado yuko nje ya kikao.

Hoja ya tano: Watu walijua mlango uliofungwa uko wapi

Naleta hoja hii kwa sababu husemwa kwamba madai ya namna hii ni mawazo ya wasomi wa leo. Jamaika, tarehe 11 Oktoba 1865, Paul Bogle, shemasi wa Kibatisti, aliongoza mamia ya wakulima hadi mji wa Morant Bay. Walikwenda mahakamani. Utumwa ulikuwa umekwisha miaka 27 iliyopita, lakini mahakimu walikuwa bado ni wenye mashamba na mawakala wao. Siku chache kabla, mtu alikuwa ameshtakiwa kwa kuingia katika shamba lililoachwa bila kulimwa. Askari wa kiraia waliwapiga risasi, ghasia zikalipuka, na jengo la mahakama likachomwa moto. Gavana Eyre alitangaza sheria ya kijeshi. Watu zaidi ya 400 waliuawa, na Bogle na George William Gordon, mjumbe wa Baraza aliyewatetea maskini, walinyongwa. Leo wote wawili ni mashujaa wa taifa la Jamaika.

Wakulima hao walikuwa wameshaichambua serikali yao kwa usahihi. Ardhi ilishikwa na wachache, na aliyelalamika alipelekwa mbele ya wachache haohao. Ndiyo maana walielekea mahakamani.

Mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakaribia kumaliza. Mwaka 2014 nchi za jumuiya ya Karibi zilikubaliana juu ya mpango wa mambo 10 wa kudai haki kwa ajili ya utumwa. Juni 2025 serikali ya Jamaika ilitangaza kwamba itamwomba Mfalme Charles III apeleke maswali ya kisheria kwenye Baraza la Mfalme la London, ambalo bado ni mahakama ya mwisho ya rufaa ya Jamaika: je, kuwapeleka Waafrika kisiwani kwa nguvu kulikuwa halali, na je, Uingereza inawajibika kurekebisha madhara yake? Mjukuu wa aliyekatazwa kutoa ushahidi anaomba kusikilizwa. Wanasheria wa Afrika Mashariki wasilitazame jambo hili kwa mbali. Wasome hoja, waandike maoni, na wajiandae, kwa kuwa maswali ya aina hiyo yatakuja pia kuhusu ardhi na fidia za kwetu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, vyuo vyetu vya sheria vifundishe kila amri ya zamani pamoja na habari za walioitunga: walimiliki nini, na nani hakuruhusiwa kusema. La pili, tusome nyaraka za mabwana kwa kuwatafuta waliomilikiwa. Kuanzia 1817 Jamaika iliandikisha watumwa kila baada ya miaka mitatu, kwa jina, umri, mahali pa kuzaliwa na mara nyingi jina la mama. Daftari hizo ziliandikwa kulinda mali, na leo wajukuu wanazitumia kuwatambua wazee wao. Hifadhi yetu ya nyaraka iliyoko Kilimani hapa Unguja ina kumbukumbu za mahakama na ardhi zinazohitaji kazi hiyohiyo, tena zinahitaji vijana wanaosoma Kiswahili cha hati za Kiarabu. La tatu, tuseme ukweli wote. Baadhi yetu humu ukumbini tumetokana na waliomiliki, wengine na waliomilikiwa, na wengi tumetokana na wote wawili. Hakuna atakayefukuzwa katika mazungumzo haya kwa sababu ya babu yake. Kinachotakiwa kwa kila mmoja ni kukubali daftari ifunguliwe.

Kazi hiyo inaweza kuanza mwaka huu, kwa wanafunzi 10, mwalimu mmoja na meza katika chumba cha nyaraka. Mimi niko tayari kufundisha, na walio tayari kujifunza naomba tuandikishane majina kabla hatujatoka humu ukumbini.